Mpweke Abishe Hodi Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walianza kupima tiba ya sonona isiyo na kidonge wala sindano. Watu wanane hivi, wote wanawake au wote wanaume, walikaa pamoja dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakizungumza yaliyowasibu. Kiongozi wao hakuwa daktari. Alikuwa mwenyeji aliyesoma hadi sekondari, akapewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuipata walikuwa asilimia 54.7.

Tiba hiyo ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Msingi wake ni kwamba huzuni ya mtu imefungamana na uhusiano wake na wenzake, kwa hiyo kazi huanza kwa kutafuta chanzo kati ya vinne: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Ilipoandaliwa kwa ajili ya Masaka na Rakai, vyanzo vitatu vya kwanza vilibaki, cha nne kikaachwa. Watu wanaoishi kwa ukoo na ujirani, wanaosaidiana shambani na kuzikana, walionekana hawahusiki sana na upweke.

Nauelewa uamuzi huo, kwa sababu ndivyo tunavyojieleza wenyewe. Muulize mtu wa Tabora au Kisumu, atakwambia upweke ni mambo ya Ulaya, ya wazee wanaofia ndani na kugunduliwa baada ya wiki. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa tiba hiyohiyo ya vikundi mwaka 2016, upweke ulirudishwa mahali pake. Kisha Juni 2025 ikaja ripoti ya tume ya shirika hilo kuhusu mahusiano ya kijamii, na takwimu zake zinapingana moja kwa moja na tunavyojisifu. Duniani mtu mmoja kati ya sita ana upweke. Katika nchi tajiri ni asilimia 11 hivi, na katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24, zaidi ya maradufu. Vijana wanaugua kuliko wazee. Ripoti inauhusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka.

Swali la kama upweke upo kwetu limeshajibiwa. Linalobaki ni la mtu anayeugua na sasa ameamua kutafuta tiba: abishe hodi wapi? Ninavyoona, tiba ipo, tena sehemu kubwa yake imejaribiwa na watu wa kanda hii, kwa lugha zao na kwa gharama ndogo. Tulichoshindwa ni kuifikisha mtaani, na kila mwaka unaopita watu wanaumia kwa jambo lenye dawa.

Kabla ya kufika huko, kuna mambo mawili tunayoyachanganya kila siku, nayo yanaharibu tiba nyingi tangu mwanzo. Kutengwa ni hali inayohesabika: una watu wangapi, unaonana nao mara ngapi, nani angekuja ukiugua usiku. Upweke ni maumivu ya ndani, pale uhusiano ulio nao unapopungukiwa na ule unaouhitaji. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Chukua nyumba ya kupanga Manzese, yenye vyumba sita, ua mmoja na bomba moja. Mpangaji wa chumba cha mwisho ni kondakta wa daladala. Saa kumi na moja alfajiri anapishana na wenzake mlangoni mwa bafu, wanasalimiana vizuri. Mchana kutwa anagusana mabega na mamia ya abiria. Usiku anakula chipsi kwenye mfuko akiwa amekaa kitandani, kisha analala. Mkewe yuko Sumbawanga, na wanachoongea kwenye simu ni ada na unga. Kwa hesabu ya watu huyu hajatengwa hata kidogo. Lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni miezi sasa hapati usingizi kwa woga wa deni.

Mwanasosholojia wa Marekani Robert Weiss aliligawa jambo hili mwaka 1973. Upo upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu, mwenzi au msiri, na upo upweke wa kukosa kundi, yaani marafiki, majirani na watu wa kazini. Alichosisitiza, na ambacho wengi wetu tunakisahau, ni kwamba kimoja hakizibi pengo la kingine. Mjane unayemwingiza kwenye kwaya bado anamlilia mumewe. Bibi harusi aliyehamia Muscat kwa mume anayempenda bado anakosa mashoga wa Malindi. Ndiyo maana ushauri wa jumla huwachosha wapweke: wanaufuata, hali haibadiliki, wanahitimisha kwamba kasoro ni yao.

Wataalamu wana kipimo kifupi cha kuanzia, chenye maswali matatu. Ni mara ngapi unajiona huna mwenzi wa kuwa naye? Mara ngapi unajiona umeachwa nje? Mara ngapi unajiona umetengwa na wengine? Majibu ni matatu pia: nadra, baadhi ya nyakati, mara nyingi. Maswali haya yanaweza kuulizwa na muuguzi wa zahanati akiwa bado anafunga kifaa cha kupima presha mkononi mwa mgonjwa. Sijaona sababu ya kutoulizwa.

Kuhusu tiba zenyewe, utafiti unaotajwa zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2011 na Christopher Masi, John Cacioppo na wenzao wa Chicago, waliokusanya majaribio mengi ya miaka iliyotangulia na kuyalinganisha. Walikuta njia nne zikitumika: kuwafundisha watu namna ya kuhusiana na wengine, kuwapa msaada wa kijamii, kuwaongezea nafasi za kukutana na watu, na kuwasaidia kurekebisha namna wanavyowaza kuhusu wenzao. Iliyoshinda ni ya nne. Ile ambayo sisi huikimbilia, "toka ukakutane na watu", ilikuwa dhaifu.

Sababu yake Cacioppo aliitafiti kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2018. Aliufananisha upweke na njaa: ni ishara ya mwili kwamba kuna kitu unahitaji ili uishi. Tofauti inakuja ishara hiyo inapodumu muda mrefu. Ubongo wa mpweke huanza kukaa macho kama mtu aliyeko porini usiku, ukitafuta hatari. Uso usiosema kitu unausoma kuwa umenuna, na kuchelewa kwa mwenzake unakusoma kuwa dharau. Basi anajiondoa mwenyewe kabla hajakataliwa, na wenzake, wakimwona baridi, nao wanajiweka mbali. Mtu wa namna hii ukimpeleka harusini unamwongezea maumivu. Atarudi na ushahidi mpya kwamba hapendwi.

Tiba hapa inafanya kazi ndogondogo sana, na inafaa kuiona kwa karibu. Kijana ameachishwa kazi, ameandika habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Anaona ishirini wamesoma. Saa tatu zinapita kimya, kisha mmoja anatuma video ya mpira. Kijana anajitoa kwenye kundi. Mnasihi mzuri hamwambii kwamba marafiki zake ni wema, maana hawajui. Anamwomba aandike alichowaza neno kwa neno: "Hawana haja na mimi." Halafu wanakichunguza pamoja. Mara ya mwisho mwenzako alipoandika habari mbaya, wewe ulijibu? Wengi hukumbuka kwamba walinyamaza, si kwa chuki, bali kwa kukosa la kusema. Kisha inatoka kazi ya wiki: ampigie mmoja wao dakika tano, si kuomba kazi bali kumjulia hali. Kabla ya kupiga aandike anatarajia kusikia nini, na baada ya kukata aandike alichosikia. Wiki inayofuata karatasi hizo mbili ndizo zinazojadiliwa. Ni kazi ya vikao kadhaa, si muujiza, lakini inafundishika, na hapo ndipo penye matumaini kwa nchi zenye madaktari wachache wa akili.

Hata hivyo kuna upweke ambao hauko kwenye fikra hata kidogo, na kumpa mtu mazoezi ya kufikiri hapo ni kumdhalilisha. Bibi anayelea wajukuu yatima mkoani Kagera, magoti hayamfikishi kanisani na hana senti ya mchango wa msiba, amejitenga kwa sababu kushirikiana kunagharimu pesa. Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza miaka ya 2000 kwa kuwapa wazee kama yeye fedha kidogo kila mwezi, na likawaweka katika vikundi vya kusaidiana. Mpangilio huo una akili. Mwenye sukari ya kumkaribishia mgeni hupokea wageni. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Sijasikia mtu akiiita tiba ya upweke, lakini kwa wazee wengi ni sehemu yake. Vivyo hivyo kifaa cha kusikia kwa anayezidi kuwa kiziwi, au mahali pa kumwacha kwa saa mbili mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili mama yake atoke.

Uingereza wameupa msaada wa aina hii mfumo rasmi. Wazo lilikua katika vituo kama Bromley by Bow, mashariki mwa London, kilichoanzishwa mwaka 1984, na tangu 2019 huduma ya afya ya England imekuwa ikiajiri watu maalumu wa kupokea wagonjwa kutoka kwa daktari na kuwaunganisha na bustani za mtaa, vikundi vya kutembea au msaada wa madeni. Sisi hatuhitaji kuiga jina la kazi hiyo. Tunahitaji mtu mmoja anayeujua mtaa na ambaye zahanati inaweza kumkabidhi mgonjwa.

Jaribio lililoonyesha hilo vizuri kuliko yote lilifanyika Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana aliyejiua kwa sababu, pamoja na mengine, familia haikuwa na dola 15 za nauli ya basi hadi hospitali yake Harare. Mwaka 2006 alikwenda Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na kuanza na bibi 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii. Bibi anakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, anamuuliza mgeni wake maswali 14 ya kupima hali, kisha wanayaorodhesha matatizo, wanachagua moja, wanatafuta hatua moja inayowezekana kabla ya kuonana tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, kwa watu 573 katika kliniki 24, yalionyesha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na bibi walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sehemu inayouhusu upweke hasa inakuja baada ya benchi, nayo haitajwi vya kutosha. Aliyemaliza vikao hakabidhiwi kwaheri. Anaalikwa kwenye mduara wa wenzake waliopitia benchi hilohilo. Wanakaa wakisuka mikoba kwa nyuzi za plastiki iliyotumika, mikono ina kazi, macho hayalazimiki kutazamana, na maneno yanatoka. Mikoba inauzwa. Hapo kuna msiri, kuna kundi, kuna kipato kidogo, yote kwa pamoja. Mpango huo umeshavuka hadi Malawi na Zanzibar.

Na si Zimbabwe tu. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walijaribu vikao sita vya kila wiki kwa wajawazito wenye VVU na dalili za sonona, wengi wao wakiwa wamebeba siri peke yao. Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki jaribio la tiba ya vikundi iliyotolewa na wanasihi wasio wataalamu, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Hayakulingana kila mahali, na ni vizuri kwamba yalisemwa hivyo. Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii waliwapa wanawake waishio kwenye dhiki na ukatili vikao vitano, na mojawapo ya stadi walizofundishwa ni jinsi ya kutafuta na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Katika sekondari za Kenya, mpango wa Shamiri umewatumia vijana waliomaliza shule juzijuzi kuwaongoza wadogo zao.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Utafiti ukiisha, fedha zinaisha. Wanasihi waliofunzwa wanarudi kuuza genge, miongozo inabaki kwenye makabati, na makala inasomwa Boston. Masaka, vikundi vingi viliendelea kukutana vyenyewe baada ya watafiti kuondoka, bila kulipwa na mtu, na huo ni ushahidi wa kiu. Shirika la StrongMinds limeibeba tiba hiyo Uganda tangu 2013 na kuwafikia wanawake wengi, lakini serikali haiwezi kuyaachia mashirika ya misaada jambo ambalo linaua watu wake.

Kwa hiyo mtu wa leo anabaki na milango ya aina tatu. Wa kwanza ni hospitali kubwa: Muhimbili, Mirembe, KCMC, Bugando, Kidongo Chekundu, Mathari, Butabika. Wataalamu wapo na huduma ni ya kweli, lakini watu wakisikia mtu kapelekwa Mirembe huongea kana kwamba kesi imekwisha, na mpweke ndiye mtu wa mwisho anayeweza kubeba aibu zaidi. Wa pili ni mnasihi binafsi. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014. Kwingineko mtu anaweza kutundika kibao baada ya semina ya siku mbili. Kikao kimoja mjini huweza kumeza kipato cha siku kadhaa cha kibarua. Anayekwenda ana haki ya kuuliza kabla hajalipa: umesomea wapi, nani anakusimamia, utatumia njia gani kwangu, vikao vingapi, tutajuaje kwamba napona. Anayekasirishwa na maswali hayo, muache. Na anayekusikiliza miezi mitatu bila kukuuliza hata mara moja kuhusu watu waliomo maishani mwako hatibu upweke.

Mlango wa tatu ndio wengi wanaoujua: padri, shehe, mchungaji, jumuiya ndogondogo, kikoba, chama, kijiwe. Nauheshimu sana mlango huu. Jumuiya ya Alhamisi inaweza kumpa mtu kundi la maisha, na hakuna kliniki itakayofanya hivyo. Lakini kikoba si kikundi cha tiba. Aliyeshindwa marejesho ndiye anayehitaji watu kuliko wote, na ndiye atakayeacha kuja. Siri inayosemwa hapo inaweza kufika sokoni kabla yake. Kundi la Masaka lilikuwa na masharti: yasemwayo hayatoki, kila mtu ana lengo alilolitaja mwenyewe, muda una mwisho, na kiongozi amefunzwa kumzuia anayelaumu. Viongozi wa dini wakifunzwa masharti hayo watafanya makubwa. Wakiendelea kumwambia mwenye huzuni kwamba imani yake ni haba, watamzidishia upweke kwa kumtenga hata na Mungu wake.

Nafasi ipo mezani hivi sasa. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Januari 2024 Tanzania ikazindua mpango wake, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Hawa ndio bibi wa Mbare wa kwetu. Wanaingia nyumba kwa nyumba, wanajua nani hajaonekana kisimani. Nina wasiwasi mmoja wa haki: wameshatwishwa malaria, chanjo, lishe na uzazi, na posho zao huchelewa. Kuwaongezea kazi ya kusikiliza huzuni za watu bila muda, bila malipo na bila mtu wa kuwasikiliza wao ni kuwavunja. Lakini wakipewa maswali yale matatu, mafunzo ya wiki mbili, msimamizi, na ruhusa ya kukusanya watu wanane chini ya mwembe kwa wiki 16, tutakuwa tumefanya jambo ambalo ushahidi wake tunao tangu 2002.

Kuna kizuizi kimoja ambacho fedha haiwezi kukiondoa. Upweke mrefu huwafikisha baadhi ya watu kwenye mawazo ya kujiua, na hapo mnasihi anapaswa kuyasikia wazi ili aokoe. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu kosa. Mtu aliyenusurika anaweza kutoka wodini kuingia kituo cha polisi, na anayewaza jambo hilo usiku huu ana sababu ya kisheria ya kumficha hata muuguzi. Aliyeko Kenya anaweza kupiga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mtoto aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda anaweza kupiga 116. Mtu mzima wa Tanzania anastahili naye namba anayoweza kuipiga bila kuiogopa sheria, na wabunge wanaweza kukifuta kifungu hicho katika kikao kimoja.